Shajara ya Simba: mwaka mmoja wa kumfunza mbwa na kuwinda fezanti Iowa

Naishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, na nafanya kazi kiwandani zamu ya usiku. Nilizaliwa Kondoa. Babu alinifundisha kutega kwale kwa tanzi pembeni mwa mashamba ya uwele, na siku ya kwanza nilipomwona fezanti akikatiza barabara ya vumbi kati ya mahindi, moyo ulinienda mbio. Ni ndege wa ukoo mmoja na kwale na kuku. Jogoo wake ana kichwa cha kijani, pete nyeupe shingoni, kifua cha rangi ya shaba na mkia mrefu. Mtetea ni wa kahawia tupu, rangi ya majani makavu. Naandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa, ili ndugu anayetaka kuanza asipite nilikopita mimi.

17 Machi 2024

Simba amefika nyumbani leo, ana wiki nane. Ni Brittany, mbwa mdogo wa asili ya Ufaransa, mweupe mwenye mabaka ya rangi ya machungwa. Nimemlipia dola 850. Nimechagua aina hii kwa sababu mbwa wake huganda anaponusa ndege: husimama kama sanamu, pua mbele, mguu mmoja juu, akisubiri mwindaji afike. Wapo mbwa wengine ambao kazi yao ni kumkurupusha ndege moja kwa moja, nao ni wazuri, ila kwao lazima uwe karibu muda wote.

Nyumbani nilikuwa na kesi ya kujibu kwanza. Mke wangu alisema, "Baba watoto, mbwa kwa ajili ya kazi nimekubali. Ndani ya nyumba haingii." Sikubishana naye, sisi ni Waislamu na yuko sahihi. Nilimwendea shehe wetu kuuliza. Akanisomea aya ya 4 ya Surat Al-Maida, inayohalalisha kile wanachokamata wanyama waliofunzwa kuwinda, akaniambia mbwa wa kuwinda ana ruhusa yake lakini mate yake yana hukumu yake. Basi nimejenga kibanda uani: mbao, bodi nene ya povu ukutani kuzuia baridi, sakafu iliyoinuliwa, pazia la mpira mlangoni. Dola 190.

20 Aprili 2024

Kosa la kwanza, na ni dogo kwa macho tu. Watoto walimpa jina Simba. Mimi amri ya kumsimamisha niliichagua "simama". Kwa wiki tatu kila nilipomwita alisimama, na kila nilipomsimamisha alinijia. Nilidhani ni mzito wa kuelewa. Mzee mmoja Mmarekani ninayefanya naye kazi, amefuga mbwa wa ndege maisha yake yote, alisikiliza mara moja tu akaniuliza mbona maneno mawili yanaanza kwa sauti moja. Mbwa hasikii neno zima, anashika mwanzo wake.

Nimebadilisha: "tulia" ya kusimama, "njoo" ya kurudi, "lete" ya kuleta. Ndani ya siku sita mkanganyiko umekwisha. Amri zote ni za Kiswahili na zinafanya kazi vizuri, tena porini hazigongani na za wawindaji wengine wanaopiga kelele kwa mbwa wao.

12 Mei 2024

Karatasi. Aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1972 hapa Iowa lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji kabla ya kununua leseni. Nimesoma na kufanya mtihani kwa mtandao, jioni nne. Leseni ya mkazi ni dola 22 na ada ya makazi ya wanyamapori ni dola 15.

Kuhusu bunduki, ndugu wengi wananiuliza kama mgeni anaruhusiwa. Mimi nina ukaazi wa kudumu, kadi ya kijani, na sheria ya serikali kuu inaniruhusu. Dukani unajaza fomu, unaandika namba iliyo kwenye kadi yako, wanakupekua kwenye mfumo. Jaza ukweli mtupu, maana kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai. Mwenye viza ya muda ana masharti tofauti, aulize mwanasheria kwanza kabla hajagusa silaha.

Nimenunua bunduki ya marisau, yaani inayorusha punje nyingi ndogo kwa pamoja, ya geji 20 (kipimo cha upana wa mtutu), iliyotumika, dola 430. Ni nyepesi, na kwa kutembea kilomita kumi na zamu ya usiku mgongoni, wepesi una thamani.

9 Juni 2024

Leo nimefanya kosa ambalo natamani kulifuta.

Nilikwenda kwenye uwanja wa shabaha kuijaribu bunduki, nikamchukua Simba ili, kwa mawazo yangu, azoee mlio. Nilimfunga kwenye kivuli karibu na gari, hatua kama thelathini kutoka kwenye mstari. Watu watano walikuwa wakifyatua pamoja. Mlio wa kwanza alirukia nyuma mpaka kamba ikamkaba. Nilipomfikia alikuwa amejikunja chini ya gari, anatetemeka, amejikojolea. Nilimbembeleza, nikampa nyama, akaikataa.

Mbwa aliyeogopa bunduki hafai kuwinda, na woga huo hazaliwi nao, sisi ndio tunaompa.

5 Julai 2024

Usiku wa jana ulikuwa sikukuu ya uhuru wa Marekani. Fataki mtaa mzima mpaka saa sita usiku. Nilikuwa kazini. Mke wangu, yeye aliyesema mbwa haingii ndani, alimfungulia mlango wa gereji, akawasha feni na redio kwa sauti ya juu, akakaa naye kwenye kiti mpaka kelele zikaisha. Asubuhi nilipotoa mfuko wa bunduki kabatini, Simba aliuona tu akaenda kujificha nyuma ya kibanda.

Nimempigia simu yule mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nisimwonyeshe bunduki wala mfuko wake kwa wiki tatu. Muda huo huo nianze na ndege.

28 Julai 2024

Nayaandika haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyookoa mradi.

Wazo lenyewe ni hili. Mbwa akisikia mlio akiwa hana shughuli, mlio unakuwa ndio jambo zima, na ni jambo la kutisha. Akiusikia akiwa anamfukuza ndege kwa moyo wote, unampita pembeni. Baadaye anajifunza kwamba mlio na ndege hufuatana, na anaanza kuupenda. Kwa hiyo hamu ya ndege lazima itangulie, tena iwe kubwa kuliko woga.

Nimenunua njiwa 24 kwa dola 7 mmoja. Kuanzia 15 Machi hadi 15 Julai mbwa hawaruhusiwi kwenye maeneo ya wanyamapori ya serikali, kwani ndege wanaatamia na kulea, hivyo tulianzia kwenye malisho ya mkulima aliyenikubalia. Siku za kwanza nilimpa njiwa aliyepunguzwa manyoya ya bawa moja, anayeruka mita chache na kutua. Simba alimkimbiza, akamkamata, akamkimbiza tena. Hakuna amri, hakuna kamba, hakuna "tulia". Siku ya nne alianza kulia kwa hamu akiona kizimba cha njiwa.

Ndipo kijana wangu mkubwa akasimama hatua 100 na mbao mbili. Simba akishaanza kufukuza, anazigonga mara moja. Simba hakugeuza hata sikio. Siku tatu mbao, kisha bastola ya kuanzishia mbio yenye risasi za sauti tupu (dola 95 pamoja na risasi zake), tukianza upya kwenye hatua 100. Kanuni zetu: mlio mmoja tu kwa siku, njiwa awe hewani na mbwa akimfuata, na kila wiki tunasogea hatua 15. Akigeuza kichwa kuutafuta mlio, siku hiyo tunafunga kazi na kesho tunarudi nyuma hatua 30. Amegeuza mara mbili mpaka sasa.

25 Agosti 2024

Woga unapungua, lakini dawa imezaa ugonjwa mwingine. Baada ya kukamata njiwa wengi, Simba haoni sababu ya kuganda. Ananusa, anasita nukta moja, kisha anamrukia ndege kwenye nyasi. Leo ameua wawili kabla sijafika. Fezanti wa porini hamsubiri mbwa wa namna hiyo, anaruka akiwa mbali na bunduki yako.

Nimenunua sanduku la springi la kurushia njiwa kwa rimoti, limetumika, dola 210. Njiwa anakaa ndani, sanduku linafichwa kwenye nyasi. Simba anapokuja upande wa chini wa upepo akapata harufu, akisimama, sifanyi kitu. Akipiga hatua moja kumwendea, nabonyeza, njiwa anaruka na kwenda zake. Sisemi neno. Ndege mwenyewe ndiye anayemwambia: ukinikaribia, umenikosa.

Kosa nililofanya siku mbili za kwanza ni kuliweka sanduku kwenye njia yetu ya kutembea, na Simba akawa anafuata nyayo zangu badala ya harufu. Sasa naliweka nikizunguka mbali, na nabadilisha mahali kila mara. Vilevile usilifyatue mbwa akiwa juu yake: mshtuko wa springi usoni utakurudisha mwezi mzima.

29 Septemba 2024

Simba anaganda sekunde arobaini, hamsini. Jana nilifyatua geji 20 nikiwa hatua kumi nyuma yake, njiwa akiwa hewani. Aliangalia njiwa tu. Nilipouchukua mfuko wa bunduki kabatini asubuhi, alikuja mlangoni mwenyewe. Nilikaa chini kwenye ngazi nikamshika shingo kwa muda.

Imetuchukua zaidi ya miezi miwili kurekebisha dakika moja ya uwanja wa shabaha.

26 Oktoba 2024

Siku ya ufunguzi. Msimu wa fezanti Iowa unaanza Jumamosi ya mwisho ya Oktoba na kuisha 10 Januari, saa za kuwinda ni saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na nusu jioni, na kila mtu ana haki ya majogoo watatu kwa siku. Mtetea hapigwi kabisa. Jogoo mmoja hupanda mitetea kadhaa, kwa hiyo majogoo wakipungua viota havipungui.

Tulikwenda eneo la umma kaskazini mwa Cedar Falls. Mji huo una nafasi yake kwenye historia ya ndege huyu: mwanzoni mwa karne ya 20 dhoruba iliangusha uzio wa mfugaji William Benton, ndege wapatao 2,000 wakatoroka, na inasemekana ndio waliotia mbegu porini Iowa. Msimu wa kwanza wa uwindaji ulikuwa 1925. Miaka ya neema waliwindwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Kisha nyasi zikalimwa, na kati ya 2007 na 2011 ikaja mfululizo wa theluji nyingi na masika yenye mvua zinazoua vifaranga, wakashuka sana. Wanapopatikana sasa, mara nyingi ni pale penye mpango wa serikali ulioanza 1985 wa kumlipa mkulima apumzishe ardhi na kuiacha na nyasi kwa miaka kumi au zaidi. Nyasi zikiondoka, fezanti hayupo, hata uachie makundi ya ndege wa kufugwa.

Matokeo ya leo: kilomita tisa, mitetea minne, majogoo wawili walioruka mita mia mbele yetu. Sikufyatua hata mara moja. Jioni nimekaa kuyapitia tuliyofanya. Nilifunga mlango wa gari kwa kishindo. Nilimwita Simba kwa sauti kila dakika. Tulitembea upepo ukiwa mgongoni. Babu alikuwa akisema kwale hukimbia kwanza, mabawa ni akiba. Fezanti ni vivyo hivyo. Alitusikia, akatimua mbio kwenye mistari ya nyasi, akatokea upande wa pili.

9 Novemba 2024

Sasa tunaegesha mbali, milango inasukumwa polepole, filimbi mbili tu badala ya maneno, upepo usoni. Tunatembea kuelekea mahali nyasi zinapoishia kwenye shamba lililolimwa, kwa sababu jogoo akifika pale hana pa kujificha, husimama. Simba ameganda mara tatu leo. Mara moja mtetea, nikashusha mtutu. Mara mbili jogoo, karibu kabisa, wakipiga kelele zao za kukaripia wanapopaa.

Nimewakosa wote wawili, risasi nne.

Nyumbani nilibandika karatasi kubwa kwenye ubao mita 25 na kufyatua. Mambo mawili yakaonekana. Kwanza, maeneo mengi ya umma hapa yanataka marisau ya chuma, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu kwa ndege wa majini wanaoyameza, na chuma husambaa kidogo kuliko madini hayo. Kibanio nilichofunga kwenye mdomo wa mtutu kilikuwa cha kubana sana, kundi la marisau likawa dogo kama sahani. Nimefunga kilicho wazi zaidi. Pili, kundi lote lilikuwa kushoto. Mzee aliniambia ninyooshe kidole kwenye nguzo ya mbali, macho yote wazi, kisha nifumbe jicho la kushoto. Kidole kiliruka. Natumia bega la kulia lakini jicho linalotawala ni la kushoto. Dawa yake ni kipande cha utepe wa gundi kwenye lenzi ya kushoto ya miwani ya kujikinga, pale pale jicho linapolenga. Hakigharimu kitu.

Akaongeza kwamba mkia wa jogoo hudanganya: jicho humwona ndege mzima, urefu wake nusu ni mkia, risasi inapita nyuma. Lenga pete nyeupe.

16 Novemba 2024

Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kona ya nyasi ndefu na mabua ya mahindi, baridi nyuzi mbili chini ya sifuri. Simba alikata kushoto ghafla, akaganda akiwa amejipinda, mwili huku, kichwa kule. Nilimpita kwa upande, nikasema Bismillahi, jogoo akapaa. Nilisubiri nikaona pete. Nilifyatua mara moja. Bawa lilivunjika, akaanguka na kutimua mbio.

Hapo ndipo mbwa anapolipa deni lote. Mimi peke yangu nisingemwona tena ndege yule, na kumwacha akafe taratibu kwenye nyasi ni jambo lisilokubalika. Simba aliweka pua chini, akapotea dakika sita. Alirudi na jogoo mzima, hai, kichwa juu. Nilimchinja palepale kuelekea kibla, ambayo kutoka Iowa ni kaskazini-mashariki. Shehe alikuwa ameniambia: ukisema Bismillahi wakati wa kufyatua na ukamkuta amekufa, ni halali, ukimkuta hai, mchinje.

Safarini sheria inataka mguu, kichwa au bawa lenye manyoya libaki kwenye ndege ili askari wa wanyamapori atambue kuwa ni jogoo. Nimemwacha mguu. Nyumbani simnyonyoi, namchuna, na hapo palipoguswa na mdomo wa mbwa panaondoka na ngozi; nyama naiosha baada ya hapo, na mikono kwa utaratibu wake.

Mke wangu alimpika kwa nazi. Mapaja yalihitaji saa mbili na nusu za moto mdogo, yana mishipa migumu kuliko kuku wa kienyeji. Kifua kiliwekwa dakika za mwisho, maana hukauka upesi.

14 Desemba 2024

Majogoo wanne jumla. Lakini wiki hii Simba alianza kulamba ubavu, kisha uvimbe wa ukubwa wa yai. Daktari wa mifugo alipasua na kutoa punje ya nyasi yenye mwiba mrefu, ya jamii ya shayiri pori. Mwiba wake una meno yanayoelekea nyuma, ukiingia hauwezi kurudi, unasonga mbele mwilini na bakteria wake. Nyasi hizi hupandwa mara nyingi kwenye mashamba yale ya kupumzishwa, hivyo palipo pazuri kwa fezanti ndipo palipo na hatari kwa mbwa. Dola 580, na siku kumi na nane bila kuwinda.

Nilikuwa namkagua miguu tu. Sasa kabla ya kuingia kwenye gari: katikati ya vidole, makwapa, masikio, kope, ndani ya mdomo na chini ya ulimi. Kitana chenye meno ya karibu mwili mzima. Akipiga chafya mfululizo au akilamba sehemu moja, siku ile ile kwa daktari.

10 Januari 2025

Siku ya mwisho. Theluji ya kifundo cha mguu. Ndege wote wamehamia kwenye matete ya kinamasi kilichoganda, ambako upepo hauwafikii. Jogoo aliyefika Januari amekwepa mbwa wengi. Tuliingia kimya, hatua chache, tunasimama, hatua chache. Kusimama ndiko kunakowatia wasiwasi. Simba aliganda kwenye barafu, miguu ikimteleza, akajishikilia. Jogoo wa tano, risasi moja, akaanguka amekufa.

Saa kumi na nusu tuliitoa risasi bundukini. Tulipokuwa tukitoka, mitetea ipatayo ishirini ilipaa mmoja mmoja kutoka matete yale yale, ikapita juu yetu kuelekea mashambani. Hao ndio watakaotaga Mei.

2 Februari 2025

Hesabu, bila chakula cha mbwa: mtoto wa mbwa 850, chanjo na daktari wa mwanzo 265, kibanda 190, bunduki 430, njiwa 168, sanduku la njiwa 210, bastola ya sauti 95, kamba ndefu na filimbi na kengele 60, risasi za mazoezi na za kuwindia 190, leseni na ada 37, viatu na fulana ya rangi ya machungwa ya kung'aa ambayo ni lazima kisheria 155, matibabu ya mwiba 580, mafuta ya safari kumi na nne 252. Jumla dola 3,482. Anayeanza sasa anaweza kuokoa kwa kuazima sanduku la njiwa. Langu lipo, aliye karibu na Cedar Rapids aje alichukue. Kwenye daktari na kibanda usipunguze.

Kazi iliyobaki ni moja. Simba anamleta ndege mpaka hatua tano kutoka kwangu, kisha anamwacha chini na kurudi nyasini kutafuta mwingine. Jogoo aliyevunjika bawa akiachwa hatua tano anakimbia tena. Kabla ya 15 Machi tutakuwa gereji, kwenye kijia chembamba kati ya gari na ukuta asikoweza kuzunguka, kwa bawa lililokaushwa, kamba fupi na neno "lete". Jana alinifikia mkononi mara tatu katika kumi.